Cheti mnacho, ufunguo uko wapi?

Nahudumia mifumo ya vyama vya akiba na mikopo hapa Mwanza. Kila ukaguzi unapokaribia, naulizwa: "Fundi, cheti cha tovuti si tunacho?" Mnacho. Tatizo ni yale mnayoamini kuhusu cheti hicho.

Dhana: Tovuti ikiwa na cheti, sheria imetimizwa.

Cheti cha kidijitali huthibitisha kuwa jina la tovuti ni la seva (kompyuta inayoiendesha) unayowasiliana nayo, na husaidia kuficha mawasiliano yasisomwe njiani. Hata tapeli hupata cheti halali cha tovuti yake, tena bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mwanachama zilindwe. Cheti kinazilinda zikiwa safarini. Zikishafika kwenye seva, hiyo ni kazi nyingine.

Dhana: Cheti ndicho siri.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Cheti ni cha wazi: yeyote anayefungua tovuti hupewa nakala. Siri ni ufunguo binafsi unaokwenda nacho, yaani faili ambalo seva hulitumia kuthibitisha kuwa cheti ni chake. Kwenye chama kimoja karibu na Mwaloni, Kirumba, nilikuta cheti kimechapishwa na kufungiwa kwenye sefu, ilhali faili la ufunguo lilikuwa limetumwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu kumi na wawili, wawili kati yao walishaacha kazi.

Mhasibu alishauri tufute ule ujumbe. Haitoshi, maana huwezi kujua nani alishauhifadhi. Kuhuisha cheti kwa ufunguo uleule nako hakusaidii. Kosa hilo lilifanywa na baadhi ya wenye tovuti mwaka 2014, baada ya Heartbleed, dosari kwenye programu ya kuficha mawasiliano, kuhatarisha funguo zao. Ufunguo wa stoo ukishachongeshwa mtaani, unabadilisha kufuli, si kibao cha mlangoni. Kwa hiyo tulitengeneza ufunguo mpya ndani ya seva yenyewe, tukaomba cheti kipya, kisha cha zamani kikabatilishwa.

Dhana: Cheti cha bei kubwa hulinda zaidi.

Hapana. Nguvu ya usimbaji, yaani kule kuficha mawasiliano, haitokani na bei.

Dhana: Kuhuisha ni kazi ya mara moja kwa mwaka.

Ilikuwa. Vyeti vya tovuti vinavyotolewa kuanzia Machi 15, 2026 haviruhusiwi kuzidi siku 200. Kuanzia Machi 2027 ni siku 100, na Machi 2029 ni siku 47. Wekeni programu ivihuishe yenyewe. Desemba 2018, cheti kilichokwisha muda kwenye programu ya mitandao ya Ericsson kiliwakatia intaneti mamilioni ya wateja wa kampuni ya simu ya O2 nchini Uingereza.

Dhana: Mkaguzi anataka kuonyeshwa cheti tu.

Kwa wanaopokea malipo ya kadi, kiwango cha usalama wa kadi kiitwacho PCI DSS kinadai, tangu Machi 31, 2025, orodha ya funguo na vyeti vinavyolinda namba za kadi zikisafirishwa. Chama kile cha Kirumba hakipokei kadi, lakini nilikishauri kiwe na daftari hilohilo: ufunguo unakaa wapi, nani anaugusa, utabadilishwa lini. Mstari wa kwanza tuliouandika ulikuwa wa ule ufunguo wa WhatsApp, na mbele yake neno moja: umebatilishwa.