Kutulia Mbele ya Katuni Hakumaanishi Kwamba Mtoto Hana ADHD

"Daktari, huyu hana ADHD. Mwekee katuni uone, hata ukimwita hakusikii." Kauli hii kuhusu ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kuongoza umakini wake, kutulia na kujizuia, hunifikia kwa sura nyingi hapa Nairobi: kwa mama wa Embakasi ni katuni, kwa baba wa Kileleshwa ni gemu ya kompyuta, na kwa nyanya anayemlea mjukuu wake Kawangware ni simu ya mjomba. Hitimisho huwa lile lile, kwamba mtoto anayeweza kutulia saa mbili mbele ya skrini ana uwezo wa kutulia popote, na kwa hiyo akishindwa kumaliza hesabu sita ni mkaidi, ni mvivu, au amedekezwa. Dhana hii ndiyo inayowachelewesha watoto wengi ninaowaona. Wanaletwa wakiwa na miaka 11 au 12, wamekwisha kujiita wajinga, ilhali walimu wao wa chekechea waliziona dalili na kuzisema.

Mtoto mwenye ADHD hakosi umakini. Kinachomshinda ni kuuelekeza umakini huo mahali unapohitajika na kuushikilia hapo wakati jambo lenyewe halimvutii. Katuni hubadilisha picha kila baada ya sekunde chache, ina rangi na vishindo, na haimdai mtazamaji chochote. Gemu nayo humlipa mchezaji papo hapo, kwa alama, kwa sauti, kwa kumvusha hatua inayofuata. Katika hali hizo mbili skrini ndiyo inayofanya kazi ya kumshika mtoto. Kazi ya nyumbani haina kitu cha namna hiyo, kwa maana malipo yake yako mbali, labda alama ya vyema kesho asubuhi, labda ripoti mwishoni mwa muhula, na mtoto anatakiwa aianze mwenyewe, akumbuke maagizo anapoendelea, azipuuze kelele za jirani, atambue kwamba mawazo yamemtoroka, kisha ayarudishe. Mifumo ya ubongo inayoshughulikia malipo na juhudi, ambamo dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, ina nafasi kubwa, hufanya kazi kwa namna tofauti kwa watoto hawa, na sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia kujizuia na kupanga huchelewa kukomaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulipima unene wa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kwa watoto waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa, na ukaonyesha kwamba gamba hilo lilifikia upeo wa unene wake kwa wastani wa umri wa miaka 10.5 kwa wenye ADHD, ikilinganishwa na miaka 7.5 kwa wenzao.

Mtoto asiyeona mbali husoma kitabu kilicho mkononi mwake bila taabu, na hakuna anayemwambia kwamba ubaoni haoni kwa makusudi. Sielewi kwa nini tunashindwa kuutoa uadilifu huo huo kwa mtoto ambaye tatizo lake liko kwenye umakini.

Ndiyo maana mzazi akinitajia katuni, mimi humwomba anieleze nusu saa ya kwanza ya kazi ya nyumbani, hatua kwa hatua, bila kutumia neno "mtundu." Maelezo hufanana mno. Mvulana wa Gredi ya 4 anaketi na kufungua daftari. Hesabu ya kwanza anaipata, na ya pili vilevile. Penseli inapokuwa butu anainuka kutafuta kichongeo, njiani anakutana na kizibo cha soda, anakizungusha sakafuni, anamwuliza dada yake swali lisilohusiana na lolote, kisha anarudi mezani bila kichongeo. Hesabu ya tatu ina alama ya kutoa, naye anajumlisha, ingawa ukimuuliza kwa mdomo anakueleza kutoa ni nini bila kusita. Saa tatu usiku kazi inamalizika kwa machozi ya mtoto na mzazi, na asubuhi daftari linabaki juu ya meza huku gari la shule likiondoka. Mwezi huo tayari amepoteza sweta ya pili. Mtoto huyu anaijua hesabu, na adhabu haitamfundisha asichokijua kwa sababu hakuna asichokijua.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huliona na kulitafsiri vibaya. Ukimzimia mtoto huyu televisheni, huenda akapiga mayowe kuliko ndugu zake wote. Kuondoa mawazo kwenye jambo moja na kuyapeleka kwenye jingine ni uwezo ule ule wa kujiongoza ambao ni dhaifu kwake, kwa hiyo kunasa mbele ya skrini kunaweza kuwa sehemu ya picha yenyewe. Peke yake hakuthibitishi kitu, lakini hakuwezi kutumiwa kukanusha ADHD.

Wataalamu nao huingia katika mtego huo huo. Mtoto anaingia katika chumba kigeni, anakutana na mtu mzima asiyemjua anayemtazama yeye peke yake, anatulia dakika 20, na mzazi anaambiwa arudi nyumbani kwa sababu mtoto ni mzima. Utulivu wa chumba cha daktari si kipimo. Vigezo vinavyotumika sana, vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013, vinadai dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au zisizopungua 6 kati ya 9 za kutotulia na kutenda kwa pupa, zilizodumu angalau miezi 6 kwa kiwango kisicholingana na umri wa mtoto. Baadhi ya dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamkwaza mtoto katika masomo au katika maisha yake na wenzake. Hakuna mahali katika vigezo hivyo panapouliza kama mtoto anapenda katuni.

Dhana ya pili kwa kuniudhi ni ile ya kumnyoosha. Kuna familia ambazo, kabla ya kufika kwangu, zimejaribu kiboko, maombi ya usiku kucha, na mwishowe shule ya bweni, kwa imani kwamba ratiba kali itamtia adabu. ADHD haitokani na malezi mabaya. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 70 hadi 80 ya tofauti za dalili baina ya watu inaelezwa na urithi, na si ajabu baba anayenisimulia ukaidi wa mwanawe akawa anatikisa mguu muda wote na amefika bila fomu aliyoombwa kuileta. Malezi yanaweza kupunguza matatizo au kuyazidisha, na hapo ndipo fimbo inapodhuru, kwa sababu mtoto anayechapwa kwa kusahau huendelea kusahau, na juu ya hayo anajifunza kudanganya. Kuhusu bweni nitasema wazi: kumpeleka mtoto wa miaka 9 ambaye hawezi kutunza penseli mahali ambapo atatakiwa kutunza sanduku, ndoo, godoro na sare peke yake ni kumwondolea msaada mdogo aliokuwa nao. Shuleni, adhabu ya viboko imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na mzazi ana haki ya kumkumbusha mwalimu hivyo bila kuomba radhi.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Sukari haisababishi ADHD. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995 ulijumlisha majaribio kadhaa yaliyodhibitiwa na haukupata athari ya sukari kwa tabia za watoto, na jaribio la mwaka 1994 lilionyesha kwamba mama walioambiwa watoto wao wamepewa sukari, ilhali hawakupewa, waliwaona kuwa watukutu zaidi. Punguza soda kwa ajili ya meno. Picha ya ubongo na kipimo cha damu havitambui ADHD, na anayekuuzia picha hiyo kwa kusudi hilo anakula pesa zako bure, ingawa daktari anaweza kuomba kipimo fulani akishuku ugonjwa mwingine. Wasichana nao huwa na ADHD, na wengi wao hupitwa kwa sababu hawamsumbui mtu: yule anayetazama dirishani kwa heshima, daftari likiwa nusu tupu, huandikiwa "ajitahidi zaidi" muhula baada ya muhula. Wanaosema mtoto ataacha akikua wana nusu ya ukweli, kwa kuwa kurukaruka hupungua kadiri miaka inavyosonga, lakini kukosa umakini na kushindwa kupanga mambo hubaki kwa wengi hadi utu uzima.

Kuhusu dawa, wazazi hunijia na hofu kwamba mtoto atageuka zezeta au mraibu. Methilfenideti, dawa inayotumika sana kutibu ADHD, ilitengenezwa mwaka 1944 na imetumika kwa miongo mingi, hivyo madhara yake ya kawaida yanajulikana: hamu ya chakula hupungua, usingizi huweza kuchelewa, na uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupaswa kufuatiliwa. Mtoto anayeonekana kupooza amepewa kipimo kisichomfaa au dawa isiyomfaa, na anapaswa kurudishwa kwa daktari. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 hatua ya kwanza ni mafunzo kwa wazazi kuhusu kuongoza tabia, wala si vidonge.

Sitaki pia kosa la upande wa pili, ambalo limekuja na video fupi za mitandaoni, la kumpa jina la ADHD kila mtoto asiyetulia. Mtoto asiyesikia vizuri baada ya maambukizi ya masikio ya mara kwa mara huonekana hazingatii. Mwenye nyama za puani anayekoroma usiku kucha huamka na ubongo uliochoka, na uchovu kwa watoto mara nyingi hujitokeza kama kutotulia. Kifafa cha kuzubaa kwa sekunde chache, upungufu wa damu, disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika), wasiwasi, msiba au ugomvi wa nyumbani huweza kufanana na ADHD au kuwa pamoja nayo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao wazazi huuona mdogo mno, ni kupima masikio na macho kabla ya kununua muda wa mtaalamu yeyote.

Baada ya hapo, nenda kwa daktari wa watoto, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto au mwanasaikolojia aliyesajiliwa. Kwa upande wa masomo, Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini vya EARC katika kaunti, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, nayo hufanya tathmini. Huko utasaidiwa kujua mtoto anahitaji nini darasani, lakini tathmini hiyo haichukui nafasi ya utambuzi wa kitabibu. Beba ripoti za shule tangu chekechea, hata zile unazoona aibu kuzionyesha, kwa kuwa maoni mafupi ya walimu watano tofauti yanayosema jambo moja yana uzito kuliko kumbukumbu yako ya jana. Beba daftari mbili, moja la somo analolipenda na jingine la somo linalomshinda.

Usije mwezi wa Januari. Mwalimu mpya bado hajamjua mtoto, na hojaji ya dalili atakayoijaza haitatufaa. Subiri katikati ya muhula wa pili, isipokuwa mtoto anaumia au anafukuzwa shule. Hojaji ijazwe na mwalimu anayemfundisha vipindi vingi zaidi, wala si mwalimu mkuu anayemfahamu kwa sifa zake mbaya tu. Kama walimu wawili wanatofautiana, mmoja akisema hana shida na mwingine akisema hashikiki, usichague ile inayokupendeza. Leta fomu zote mbili, pamoja na maelezo ya saa ambazo kila mmoja humfundisha na mahali anapomketisha, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo ninayoanza kuiuliza.