Kidonda cha mguu wa sukari na vipimo vya nyumbani: tunayoambiana na ukweli wenyewe

"Hakiumi tena, ujue kinapona." Jamani hii ndo inaondoka na miguu ya watu. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu neva (mishipa ya fahamu) za miguuni, mtu anakanyaga msumari unatoboa ndala mpaka nyama na yeye anaendelea na safari yake ya sokoni, kwahiyo kidonda cha wazi kisichouma ni cha kuogopa kuliko kinachouma. Na kupima neva nyumbani hakuhitaji hata mia. Mgonjwa afumbe macho, umguse kwa ncha ya kidole chako, kidogo tu bila kukandamiza wala kupapasa, kwenye kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, miguu yote miwili, hapo inakuwa sehemu sita, kila akihisi aseme. Akikosa mbili au zaidi, neva zina shida. Kipimo hiki kilianzia Ipswich, Uingereza, kwa wagonjwa waliolazwa hospitali, baadaye kikajaribiwa nyumbani na kuonekana kinafaa hata ndugu kumpima ndugu.

Dhana nyingine: ile thamometa ya bastola tuliyonunua wakati wa korona haina kazi kwenye mguu. Inayo, ila wengi wanaitumia vibaya. Ikiwa kwenye "body" inakupigia hesabu ya joto la mwili, namba inayokuja siyo ya ngozi ya mguu, ibadilishe iende "surface" (kama yako haina hiyo basi achana nayo). Mgonjwa avue viatu apumzike kama dakika kumi na tano, halafu pima sehemu ileile mguu wa kulia na wa kushoto. Tofauti ikifika nyuzi 2.2 na kesho yake ikawa hivyohivyo, kuna moto unawaka ndani hata kama ngozi haijapasuka, apunguze kutembea na awahi kliniki. Namba ya mguu mmoja peke yake haikuambii kitu.

Halafu kuna wale wa "naona kwa macho tu, kinapungua". Unakiona kila siku, utajuaje? Chukua rula ya shule, ilaze pembeni ya kidonda (PEMBENI, usikiguse), piga picha kwa simu, umbali uleule, mwanga uleule, mara moja kwa wiki. Urefu zidisha kwa upana. Kama kilikuwa sentimita 4 kwa 3, hiyo ni 12, baada ya wiki nne inatakiwa iwe 6 au chini, yani nusu. Kama haijafika nusu, uwezekano wa kupona kwa matibabu hayohayo ni mdogo, mwonyeshe daktari zile picha mbadilishe mpango. Usishtuke tu kama nesi amekata nyama iliyokufa na kidonda kikaonekana kimekua, hiyo ni kawaida.

Kuhusu glukomita, ile mashine ya kupima sukari kwenye damu, ni nzuri, lakini hata ile iliyopita viwango inaruhusiwa kukosea asilimia 15 juu au chini, kwahiyo 10 na 11 msigombane. Ila ukipima na mikono yenye maji ya embe utapata namba ya ajabu, nawa kwanza.

Oksimita ya kidoleni, ile ya kupima oksijeni kwenye damu, kuonyesha 97 haimaanishi damu inafika mguuni vizuri, hiyo tusibishane.

Na hili la "nimepeleka usaha maabara wakakuta bakteria, kumbe kimeoza". Kila kidonda cha wazi kina bakteria. Maambukizi yanajulikana kwa dalili: joto, uvimbe, maumivu, usaha, wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha, kwahiyo tegemea zaidi joto na uvimbe, chora mstari wa kalamu pale uvimbe unapoishia, na ukivuka sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, au akapata homa, au kidole kikaanza kuwa cheusi, weka vipimo vyote chini mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.