Datsun 240Z na Celica ya tabo: ya barazani na ukweli wake

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, birika la kahawa huisha kabla ya ubishi wa magari haya mawili. Wazee wako na Datsun 240Z, vijana wako na Toyota Celica GT-Four ST185. Mimi nayapenda yote mawili, ndiyo maana inaniuma yanaposifiwa kwa sifa zisizo zake.

"Celica ina nguvu kwa kuwa injini yake ni kubwa." Kinyume chake. Datsun ina silinda sita, cc 2,393. Celica ina silinda nne, cc 1,998. Kinachoibeba Celica ni tabo: moshi unaotoka injini unazungusha feni, feni hiyo inazungusha nyingine inayoshindilia hewa kwenye silinda, petroli nyingi zaidi inaungua. Datsun hujivutia hewa yenyewe kupitia kabureta mbili, kwa hiyo ukikanyaga mafuta inaitika papo hapo. Celica husita kidogo, kisha inakurusha.

"Gari la michezo ni la lami tu." Anayesema hivi ameisahau Safari Rally, na vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyefungana pointi na Harry Källström lakini akatangazwa mshindi. Celica ST185 ikaja kuchukua miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995. Mwaka 1993 Celica zilishika nafasi zote nne za juu!

"Tairi zote nne zikivuta, hata breki zinashika upesi." Hii ndiyo ninayowaomba, ndugu zangu, tuiache, kwa sababu inaua. Gari lolote, hata Datsun inayosukumwa na tairi za nyuma, breki zake ziko kwenye tairi zote nne. Foo wili, yaani tairi zote nne kuvuta kama za Celica, inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Kusimama kunategemea tairi zinavyoshika barabara, na uzito: Datsun ina kilo elfu moja na ushei, Celica inaizidi kwa zaidi ya kilo 300. Masika yakiilainisha njia ya Muheza kwenda Amani, Celica itapanda pale ambapo Datsun inachimba matope tu. Hapo ndipo dereva anapovimba kichwa. Akirudi, kwenye mteremko uleule, kwa tairi zilizolika, hana anachomzidi mwenye Datsun.

"Chuma cha zamani hakiliwi na kutu." Mabati ya 240Z ni membamba na hayakukingwa vya kutosha, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Rangi inayong'aa isikulevye. Mtu akikuuzia, funua zulia, ugongegonge sakafu kwa bisibisi, kisha uchungulie chini ya betri na kwenye matao ya tairi za nyuma. Bisibisi ikizama, umekuta puti iliyofunika kutu.