Pensheni Imesamehewa Kodi, Mstaafu Hajasamehewa

Katika mafunzo tunayowapa wafanyakazi wanaokaribia kustaafu, kuna kauli ninayoisikia karibu kila kikao: "Nikishastaafu, mimi na KRA tumemalizana." KRA ni Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na kauli hiyo hutoka kwa watu waliosoma, waliokatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara inayokatwa na mwajiri, kila mwezi tangu ujana wao. Siwalaumu. Mfanyakazi wa Kenya hukatwa kodi bila kuulizwa, mwajiri akaipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na mengi yakapita bila yeye kujua hesabu ilivyofanywa.

Basi tuanze na pesilipu. Chukua mtu anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwanza hutolewa mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 6, yaani 3,600. Kisha bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ambayo ni 1,650. Kisha ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, nayo ni 900. Jumla ni 6,150. Tangu 27 Desemba 2024, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ilipoanza kutumika, makato yote matatu hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Kinachotozwa kodi kwa huyu wetu, kwa hiyo, ni 53,850, si 60,000.

Kiasi hicho hupandishwa ngazi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 2,083.25. Zilizobaki, 21,517, hutozwa asilimia 30, nazo huzaa 6,455.10. Jumla ni 10,938.35. Toa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 ambayo kila mkazi anapewa kwa mwezi, PAYE inabaki 8,538.35. Mkononi anapata 45,311.65, kabla ya mkopo wa chama na mengineyo. Kuna ngazi mbili za juu, asilimia 32.5 kwa kinachozidi 500,000 kwa mwezi na asilimia 35 kwa kinachozidi 800,000, lakini wengi wetu hatuna haja ya kuzikosea usingizi.

Chukua pesilipu yako na kalamu, urudie hesabu hiyo. Ukiona SHIF imetolewa baada ya kodi, nenda kwa karani wa mishahara. Ukiwa na bima ya maisha au ya elimu unayoilipia mwenyewe, asilimia 15 ya malipo yako hupunguzwa kwenye kodi, mwisho shilingi 5,000 kwa mwezi. Sheria ya Fedha ya 2025 inamtaka mwajiri azihesabu nafuu hizi mwenyewe anapokata PAYE, lakini hawezi kuhesabu bima ambayo hukumpelekea cheti chake.

Penye shida kubwa zaidi, kwa ninavyoona, ni kwa mwenye ajira mbili. Tuseme mwalimu ana kazi ya mchana na nyingine ya jioni, na kila moja inampa shilingi 30,000 za kutozwa kodi. Waajiri hawa hawajuani. Kila mmoja anaanza na ngazi ya asilimia 10, na kila mmoja anatoa nafuu ya 2,400, hivyo kila mmoja anakata 1,500 tu. Mwalimu anafurahi. Lakini sheria inamtambua kama mtu mmoja mwenye 60,000, ambazo kodi yake baada ya nafuu moja ni 10,383.35. Pengo ni shilingi 7,383.35 kila mwezi, na kwa mwaka mzima ni zaidi ya 88,600. Deni hili hujitokeza anapojaza ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake ya mwaka, nalo lilipaswa kulipwa kufikia 30 Aprili, miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya ritani yenyewe. Anayesubiri Juni hukuta faini na riba zimeshaanza kuongezeka. Dawa yake ni kumwambia mwajiri wa pili mapema asikupe nafuu ya kibinafsi, kisha uweke akiba ya tofauti inayobaki.

Hata aliyekatwa sawasawa na mwajiri mmoja anatakiwa kujaza ritani kwenye iTax, tovuti ya KRA, kufikia 30 Juni kila mwaka, akitumia fomu ya P9, muhtasari wa mshahara na kodi ya mwaka anayopewa na mwajiri. Faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Na tafadhali, mwenye mshahara asijaze ritani ya sufuri kwa sababu kijana wa saiba, duka la intaneti, amemwambia ndiyo ya haraka. Hayo ni maelezo ya uongo kwa mamlaka, na jina lililo juu yake ni lako, si la kijana.

Sasa wastaafu. Zamani mtu wa chini ya miaka 65 alisamehewa shilingi 25,000 za kwanza za pensheni ya mwezi, na zilizozidi zilitozwa kodi. Tangu Desemba 2024, anayestaafu akiwa amefikia umri uliowekwa na kanuni za mfuko wake wa pensheni uliosajiliwa hatozwi kodi kwenye mafao yake, yawe ya mkupuo au ya kila mwezi. Anayestaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa naye amesamehewa, na vilevile anayetoa fedha baada ya miaka 20 ya uanachama. Anayeacha kazi akiwa na miaka 38 na kutaka akiba yake yote ya miaka tisa hayumo katika msamaha huo, atakatwa. Kiinua mgongo ambacho mwajiri anakulipa mwenyewe mkataba unapokwisha, nje ya mfuko, usidhani kinaingia humo. Uliza kabla ya kukipangia matumizi.

Msamaha huu umewekwa juu ya pensheni. Haumfuati mstaafu kwenye kila shilingi anayoipata. Akirudi kufundisha shule ya kibinafsi, mshahara huo unakatwa PAYE kama wa mtu mwingine. Riba ya akiba yake benki inakatwa asilimia 15 papo hapo, na hapo imekwisha, hana la kufanya zaidi.

Nyumba za kupanga ndizo zinazowanasa wengi, maana mkupuo wa kustaafu huishia kwenye matofali. Mwenye vyumba vitatu vya 12,000 anapokea 36,000 kwa mwezi, yaani 432,000 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya upangaji wa makazi inaanzia 288,000 kwa mwaka hadi milioni 15, hivyo yumo. Kiwango kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 tangu Januari 2024. Atalipa 2,700 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hesabu ni ya pesa zote alizopokea: fundi wa bomba na rangi ya ukuta havipunguzwi. Chumba kimoja kikikaa bila mpangaji, atalipia viwili. Kodi hii ikishalipwa imekamilika, haiongezwi tena kwenye ngazi za mshahara.

Mstaafu asiye na chochote zaidi ya pensheni naye aingie iTax akague PIN yake, namba ya mlipakodi. Ikiwa bado imesajiliwa kwa kodi ya mapato, ritani inatarajiwa kutoka kwake kila mwaka, hata kama kodi ya kulipa haipo. Na mwenye ulemavu anayefanya kazi aombe cheti cha msamaha: shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kwa mwezi hazitozwi kodi, lakini mwajiri hawezi kuziacha bila kukiona cheti hicho.