Sanduku la barua la pamoja Marekani: "lililoidhinishwa" maana yake nini hasa

Kwetu Afrika Mashariki mtu akikwambia ana sanduku la posta anamaanisha S.L.P., kale kasanduku kenye namba pale kwenye jengo la Posta, unakalipia kila mwaka na barua unaifuata mwenyewe na funguo yako mfukoni. Marekani ni kinyume chake, barua inakufuata unapoishi, na mkiwa familia nyingi kwenye jengo moja au kwenye kundi la nyumba basi Posta haitaki mtu wake azunguke mlango kwa mlango, inataka barua zote zishuke sehemu moja. Hapo ndo linapokuja sanduku la pamoja: kabati moja la chuma lenye vijimlango vingi, kila familia na kamlango kake na funguo yake, na mtu wa posta ana funguo yake moja inayofungua safu nzima kwa mkupuo.

Sasa kinachowachanganya wengi, hasa ndugu zetu walioanza kununua fopleksi (nyumba moja ya familia nne) na vijengo vya apatimenti kule Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko, ni hilo neno kuidhinishwa. Wengi wanadhani ni swala la ubora, yaani sanduku gumu lisiloshika kutu. Hapana. Kuidhinishwa maana yake Posta ya Marekani, USPS, imekubali kwamba aina hiyo ya sanduku ina vipimo vyake, ina nguvu inayotakiwa, na muhimu kuliko vyote ina nafasi ya kufunga kitasa cha Posta kinachoitwa Arrow. Hicho kitasa hakiuzwi dukani, na funguo yake mwenye nyumba haruhusiwi kuwa nayo, hata meneja wa jengo haruhusiwi, kuwa nayo kinyume cha sheria ni kosa la serikali kuu ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Kwaiyo unalinunua wewe kwa hela yako, linakaa kwenye kiwanja chako, ila mlango mkubwa sio wako kuufungua. Ukilishika hilo mengine yote yanaeleweka kirahisi.

Na ndo maana nasema uangalie sana unapoagiza mtandaoni. Watengenezaji kama Florence na Salsbury wanajulikana na wanauza masanduku yaliyoidhinishwa, lakini sokoni kuna modeli mbili zinazofanana kabisa kwa macho, rangi ileile, idadi ya milango ileile, moja imetengenezwa kwa ajili ya Posta na nyingine ni ya matumizi binafsi, ile ya ofisi au chuo ambako wanagawa barua wenyewe. Ya matumizi binafsi haikutengenezewa kitasa cha Posta, na ukiifunga kwenye apatimenti mtu wa posta atapita tu, wapangaji wako watakuwa wanatumwa kwenda dirishani pale Posta kufuata barua na kitambulisho mkononi. Soma maelezo ya bidhaa mpaka mwisho kabla hujalipa, uone imeandikwa wazi kwamba ni ya USPS.

Aina kubwa ziko mbili. Ya kwanza ni CBU, lile linalosimama nje kwenye nguzo yake fupi ya chuma juu ya zege, unaliona sana kwenye mitaa mipya na kwenye apatimenti za ghorofa moja au mbili. Zinakuja kwa saizi zilizopangwa, huchongeshi unavyotaka: ya milango 8 ina makabati 2 ya vifurushi, ya 12 ina 1, ya 13 ina 1, ya 16 ina 2, na kila moja ina tundu la kutumbukizia barua zinazotoka. Ya pili ni ile inayofuata kiwango kinachoitwa STD-4C, hii inakaa ukutani, kwenye korido au chumba cha barua, na kiwango hiki kilitoka mwaka 2004, ikafika Oktoba 2006 kikawa ndo sheria kwa masanduku ya ukutani ya majengo mapya yote. Kabla yake kulikuwa na vile visanduku vyembamba vya kusimama wima vya majengo ya zamani, ambamo bahasha kubwa ikiingia lazima ikunjwe, na kadi ya watoto wa shule ikitoka humo imepinda kama mgongo wa mzee. Kwenye 4C kila familia inapata nafasi isiyopungua inchi 12 upana, inchi 15 kina na inchi 3 kimo, yaani bahasha ya A4 inalala bila kukunjwa.

Vifurushi ndo sehemu ninayoona watu wanaikosea zaidi, kwa sababu wanahesabu familia tu wanasahau siku hizi kila mtu ananunua mtandaoni. Kabati la vifurushi linafanya kazi hivi: mtu wa posta anaweka boksi lako kwenye kabati kubwa, anafunga, alafu anaacha funguo ya kabati hilo ndani ya kasanduku kako ka kawaida. Wewe unafungua kako, unakuta funguo yenye namba, unaenda kufungua kabati, unachukua mzigo wako, na ile funguo inabaki imenasa kwenye kitasa, haichomoki tena mpaka yeye aje aitoe. Usiing'ang'anie na usiilazimishe, watu wageni wanaivunja wakidhani imekwama! Kiwango cha 4C kinadai angalau kabati 1 kwa kila masanduku 10, lakini mwongozo wa Posta kwa wajenzi siku hizi unasema 1 kwa kila 5, na mimi nakushauri ufuate huo wa 5 hata kama hakuna aliyekulazimisha. Maana ukipiga hesabu, ile CBU ya milango 12 yenye kabati 1 haifiki hapo, kwaiyo unaongeza kabati la vifurushi la pekee linalosimama pembeni kwenye nguzo yake, yapo na yanauzwa yameidhinishwa vilevile. Bila hivyo mzigo unaachwa chini mlangoni, na mzigo ulioachwa chini mnajua wenyewe unavyoishia.

Kabla hujanunua chochote nenda Posta inayohudumia anwani hiyo, muulize postmasta au msimamizi wa usambazaji. Hii sio adabu tu, ni sharti. Wao ndo wanaamua barua zitafikishwa kwa njia gani na sanduku likae wapi, na kwa nyumba mpya mara nyingi watakwambia la pamoja hata kama wewe ulikuwa unataka kila nyumba iwe na lake. Kwa jengo lenye familia 3 na kuendelea zinazoingilia mlango mmoja na anwani moja ya mtaa, wao kuleta barua mpaka kwa kila mmoja kunategemea wewe uwe umeweka masanduku yanayokubalika. Wapelekee mchoro wa kiwanja, waoneshe gari lao litasimama wapi, wakubaliane na wewe kwa maandishi. Wapo wanaomwaga zege kwanza alafu ndo wanapiga simu, wanaambiwa hapo hapafai, ni kwenye kona, gari la posta likisimama linaziba njia, na zege sio kitu cha kuhamisha kwa toroli.

Kulifunga CBU kwenyewe sio kazi ya ajabu kwa fundi anayejua zege, ila inadai utulivu. Unamwaga jukwaa la zege lililo sawa kabisa, sio lenye mteremko wa kuonekana, unaacha likauke vizuri kadiri ya maelekezo ya mtengenezaji, alafu unaweka kitako cha nguzo juu yake na kuweka alama za matundu manne, unatoboa, unaingiza bolti za kushikia zege. Usibane nati mpaka mwisho papo hapo. Weka pima maji juu ya kitako, mbele na pembeni, palipozama unaweka vipande vyembamba vya chuma chini yake, ndo unabana. Kwa nini nalisisitizia hili? Kwa sababu sanduku likisimama limeinama kidogo tu, ule mlango mkubwa unakuwa mzito na unapinda kwenye bawaba zake, baada ya majira mawili ya baridi haufungi tena, na mlango wa Posta usiofunga ni barua kusimamishwa. Fikiria pia theluji kama uko kaskazini, nani ataifyeka mbele ya sanduku, maana mtu wa posta halazimiki kuruka kifusi cha barafu, na taa iwepo, wapangaji wengi wanarudi kazini usiku.

La ukutani lina mtego wake. Ukuta wa kawaida wa mbao na jipsamu kwenye nyumba za Marekani una unene wa inchi nne na nusu hivi, wakati sanduku lenyewe linataka kina cha zaidi ya inchi 15. Kwaiyo ama ujenge ukuta wa pili mbele yake, ama utumie fremu ya chuma inayolifanya likae limechomoza nje. Alafu kuna vimo, na hapa hakuna kukadiria kwa jicho: kitasa cha Arrow kiwe kati ya inchi 36 na 48 kutoka sakafu iliyokwisha kumaliziwa, kitasa cha kasanduku ka mpangaji ka juu kabisa kisizidi inchi 67, sakafu ya kasanduku ka chini kabisa isiwe chini ya inchi 28, na kabati la vifurushi lisishuke chini ya inchi 15. Nimeandika sakafu iliyokwisha kumaliziwa kwa makusudi, ukipima kutoka kwenye zege tupu alafu vigae vikaja juu yake, vipimo vyako vyote vimehama.

Na kuna watu wa viti vya magurudumu. Sheria ya walemavu, ADA, inataka vitu vya kushika viwe kati ya inchi 15 na 48, na mbele yake pawe na nafasi wazi ya inchi 30 kwa 48 ili kiti kiingie. Angalia hapo, Posta inakuruhusu mpaka inchi 67 lakini mwenye kiti hafiki huko, kwaiyo familia iliyopangiwa nyumba ya mlemavu ipewe kasanduku ka chini, usigawe kwa namba za nyumba kwa kufuata mstari tu. Njia ya kufika hapo isiwe na ngazi. Mama mtu mzima anayetembelea mkongojo naye atakushukuru.

Wenye majengo ya zamani msiogope kupita kiasi. Kama jengo lilijengwa kabla ya ile Oktoba 2006 na tundu la ukutani ni dogo, 4C haiingii bila kubomoa, kuna aina ya zamani iitwayo 4B+ ambayo inaruhusiwa kwa kubadilisha tu, sanduku kuukuu linatoka, jipya linaingia palepale. Lakini ukifanya ukarabati mkubwa wa kuvunja kuta, Posta itakutaka uhamie 4C.

Likishasimama unawaita Posta, wanakuja kukagua na kufunga kitasa chao wenyewe, na wewe unagawa funguo kwa wapangaji. Mpangaji akihama badilisha kitasa cha kasanduku kake, ni kitu kidogo na cha bei ndogo, na ni muhimu mno kwa watu wetu ambao kadi ya kudumu ya ukaazi, kadi ya kazi na kadi ya Social Security zote zinapitia humo humo. Sanduku ulilonunua wewe matengenezo ni yako, likigongwa na gari au likivunjwa, usisubiri Posta ije kulitengeneza. Wezi nao wamekuwa wakiwavamia watu wa posta kupora funguo za Arrow, mpaka Mei 2023 USPS na wakaguzi wake wakatangaza kuanza kubadilisha vitasa 49,000 kuwa vya kielektroniki. Kwaiyo waambie wapangaji wajiandikishe Informed Delivery, huduma ya bure ya USPS inayokutumia kila asubuhi picha za bahasha zinazokuja kwako siku hiyo, na barua wazitoe sikuhiyohiyo. Na lile tundu la barua zinazotoka ni la barua zenye stempu tu, kadi ya mchango wa harusi isiyo na stempu ukiitumbukiza humo ukidhani itamfikia jirani, haitamfikia, mpelekee mkononi.