Siku ya baharini ndiyo siku yetu ya kuchota maji

Juzi nimemsindikiza shangazi soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, kununua dagaa, tumekaa tunasubiri bajaji akaniuliza swali ambalo naulizwa kila nikirudi likizo: "Hivi mwanangu, hiyo meli yenu ikikaa siku nne haijafika popote, huwa unafanya nini humo ndani?" Nikamwambia shangazi mimi nachota maji. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Maji? Si mko juu ya maji?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Mimi ni enjinia wa tatu kwenye meli ya kitalii, zile za ghorofa kumi na kitu, na maji ya kunywa na kuoga ndiyo nimekabidhiwa mimi. Nimekulia Igogo, ukitaka maji unaenda ziwani na ndoo, ukirudi unachemsha basi. Baharini kila lita moja ina kama gramu 35 za chumvi, ukiyanywa kiu ndo inazidi, figo zinahitaji maji mengi kuliko uliyokunywa ili kuitoa chumvi hiyo.

Siku ya baharini ni siku ambayo meli haigusi bandari. Southampton mpaka New York kwa mwendo wa kitalii ni usiku saba hivi, katikati hapo hakuna kitu, maji na mawingu. Abiria wanaipenda, wanaamka saa wanayotaka, bafe, bwawa, bingo, jioni disko, na kasino na maduka yanakuwa wazi maana meli ikiwa bandarini huwa yamefungwa sababu ya sheria za nchi husika. Saa sita mchana kapteni anatangaza kwenye spika tuko wapi, mwendo noti ngapi (yaani maili za baharini kwa saa), na chini yetu kina kiasi gani. Siku ya kwanza nasikia mita elfu nne nilikaa kimya kidogo, kwa sababu Ziwa Victoria pale penye kina kuliko kote ni mita themanini hivi. Yaani unaweza kupanga maziwa hamsini moja juu ya jingine.

Lakini kwetu huku chini siku hiyo ndo nzito. Meli ikiwa bandarini nusu ya watu wameshuka, wanakula huko, wanaoga huko beach. Siku ya baharini wote wako ndani, abiria elfu tatu na wafanyakazi elfu moja na zaidi, wanaamka karibu muda mmoja wanafungua shawa, jiko linapika, dobi anafua mashuka. Piga hesabu ya lita mia mbili kwa kichwa, unafika lita laki nane kwa siku. Ndio maboza themanini ya lita elfu kumi kumi, au ndoo elfu arobaini za lita ishirini, kama mama zetu wangezibeba kichwani foleni ingetoka Igogo ifike sijui wapi.

Na maji hayo lazima tuyatengeneze siku hiyo hiyo tukiwa mbali. Karibu na nchi kavu hatuchoti, bahari ya bandarini ina mafuta na maji taka, tunasubiri tufike angalau maili 12 za baharini, kama kilomita 22. Halafu mashine yenyewe ya kutengeneza maji inakula joto la injini, na injini zikiwa kazini kweli kweli ndo joto linapatikana la kutosha.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, wanadhani tunawasha jiko kubwa tunachemsha bahari. Hapana, dizeli ingeisha. Si unajua maji ya rejeta ya gari yanavyotoka ya moto kwenye injini? Meli nayo ina maji yake yanayozunguka kupoza injini, yanatoka na nyuzi themanini na kitu, tungeyapoza bure lile joto likaenda baharini. Tunayapitisha kwenye evaporeta, ndiyo ile mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa mvuke. Ila nyuzi themanini hazichemshi maji, si ndiyo? Zinachemsha, inategemea hewa inayoyakandamiza. Hapa Mwanza tuko mita 1,134 juu ya bahari kwa hiyo sufuria yako inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, sio mia. Ukipanda kileleni Kilimanjaro inachemka kwenye themanini na maharage hayaivi leo wala kesho. Sasa evaporeta ni kama mlima mrefu kuliko yote, tunanyonya hewa mpaka ndani pabaki karibu patupu, maji ya bahari yanachemka kwenye nyuzi arobaini na kitu tu. Ukichungulia kwenye kioo chake unaona yanatokota kabisa na ungeweza kuyaogea. Mvuke unapanda, chumvi inabaki chini, mvuke unapozwa na maji baridi ya bahari, unadondoka, ndo maji.

Tuna na mashine ya pili ya kuchuja kwa presha, inasukuma maji ya bahari kwenye utando mwembamba kwa presha kama mara thelathini ya tairi la gari. Inafanya kazi, ila inapiga kelele na inakula umeme, mimi roho yangu iko kwa evaporeta.

Kontrakti yangu ya kwanza, shifti yangu ni saa kumi mpaka saa mbili, alfajiri na jioni, alfajiri moja bahari imechafuka alamu ya chumvi ikalia. Mashine ikiona chumvi imezidi sehemu kumi kwa milioni, valvu inafunguka yenyewe inamwaga yote yasiingie kwenye tenki. Mimi nikaona sensa, kile kifaa cha kupima chumvi, imechafuka tu, nikaifuta na kitambaa, nikaonja maji kwa kidole, matamu, nikataka kuifunga ile valvu kwa mkono. Chifu enjinia, bosi wetu, mzee wa Kifilipino, akanishika mkono. "Ulimi wako ukianza kuisikia hiyo chumvi, tenki zima limeshaharibika." Kumbe meli ilivyokuwa inayumba maji ya chumvi yalikuwa yanaruka na mvuke. Tukashusha kiwango cha maji ndani, alamu ikanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Maji yakitoka hapo hayana ladha, ni kama yale ya kuongezea kwenye betri, na yanakula mabomba ya chuma, kwa hiyo tunayarudishia madini kidogo na klorini ndo yanaenda kwenye tenki. Kwa hiyo ukipata bahati ya kupanda, kunywa ya bombani kwenye kabini yako, achana na chupa za bei ile. Na choo kisikushtue kikifyonza kwa kishindo, kinatumia kama lita moja tu, kingekuwa cha kawaida maboza themanini yasingetosha.

Shangazi alinisikiliza mpaka bajaji ikaja, akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo huko hakuna mgao?" Nikamwambia hakuna shangazi. Akatikisa kichwa akaangalia ziwa lile pale, maji mpaka macho yanapoishia. Saa hizi naandika ni saa tano usiku, bomba la uani limeanza kukohoa hewa, hiyo ni dalili yanakuja, ngoja nikajaze madumu kabla hayajakata.