Sonona, wasiwasi na kiwewe: mtoto haumwi kama mzee

Huzuni na hofu kila mtu anazo. Nitajuaje kuwa sasa ni ugonjwa?

Angalia muda zimekaa, na zimekuharibia nini. Kulia msibani si ugonjwa, wala kutetemeka kabla ya mtihani. Lakini huzuni, au kukosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda, ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, ikavuruga usingizi, chakula na nguvu mpaka kazi zinalala, hiyo ni sonona.

Wasiwasi uliogeuka ugonjwa hauzimiki hata jambo lililouwasha likiisha. Leo ni kazi, kesho ni afya ya mtoto, keshokutwa hujui hata unaogopa nini. Mwili nao hautulii: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, shingo inakaza. Wengi huanza kwa kupimwa moyo, na si vibaya, maana tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo huleta dalili kama hizo.

Kiwewe ni jeraha la tukio la kutisha: ajali, kubakwa, vita, kipigo cha nyumbani. Tukio limepita, ila ubongo unaendelea kupiga king'ora. Mtu huota jinamizi, huliona tukio upya akiwa macho, hushtuka kwa kishindo kidogo, hukwepa njia au watu wanaomkumbusha. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache bila tiba. Dalili zikivuka mwezi 1, atafute msaada.

Mwanangu ana miaka 6. Mtoto huyu ana mawazo gani?

Anayo, asichokuwa nacho ni maneno ya kuyasema. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule na siku za mapumziko haliumi. Hataki kulala peke yake. Aliyeshuhudia ajali anaigiza ajali ileile mchezoni, tena na tena, bila kufurahi.

Hapa naomba wazazi wanisikilize. Tumbo hilo linauma kweli, hajifanyi. Na kumchapa kwa kukojoa kitandani ni kumwongezea hofu mtoto ambaye hofu ndiyo inayomsumbua. Mpe siku zinazotabirika: kula, kucheza na kulala kwa saa zilezile. Jibu maswali yake kwa ukweli anaoweza kuubeba, na umhakikishie kwamba yaliyotokea si kosa lake, kwa sababu watoto wadogo hujilaumu sana. Ikihitajika tiba, mara nyingi mtaalamu hutumia michezo, michoro na mazungumzo, akimshirikisha mlezi. Dawa si hatua ya kwanza.

Kijana wangu hana huzuni, ana hasira tu.

Kwa kijana sonona mara nyingi huja na sura hiyo hiyo ya hasira. Alama zinashuka, marafiki anawakimbia, usiku halali, mchana haamki. Karibu nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 18, hivyo "balehe hiyo, itapita" ni jibu la hatari. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Kwa wengi ni mara ya kwanza kupata mahali pa kulitua.

Na mama aliyejifungua?

Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, au akijihisi hafai na hana uhusiano na mtoto wake, apelekwe kliniki. Akianza kusikia sauti au kusema mambo yasiyoeleweka, apelekwe siku hiyo hiyo.

Mzee anasahau na kulalamika mwili mzima. Si uzee huo?

Sonona si sehemu ya uzee. Mzee anaweza asitamke neno "huzuni" hata mara moja, akasema mgongo, kichwa, usingizi. Usahaulifu wake hudhaniwa ni shida ya akili ya uzeeni, kumbe sonona ikitibiwa kumbukumbu huweza kurudi. Daktari apitie pia dawa anazotumia.

Tiba yenyewe ni ipi? Dawa si zitamfanya mraibu?

Kwa hali isiyo kali, tiba ya mazungumzo huanza: mgonjwa hujifunza kuyahoji mawazo yanayomwangusha na kurudia shughuli alizoziacha, hatua kwa hatua. Ya kiwewe hufanywa na aliyefunzwa, kwa kasi ya mgonjwa. Kumlazimisha mtu asimulie kila kitu siku chache baada ya tukio hakumsaidii.

Dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline hazileti uraibu. Huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kuonyesha kazi, na wengi huziacha mapema wakidhani zimeshindwa. Ukipona, endelea kwa angalau miezi 6, kisha upunguze na daktari. Kukatisha ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Zenye hatari ya uraibu ni za kutuliza kama diazepam, zikitumiwa kwa muda mrefu.

Ndugu yangu amesema anataka kufa. Nifanye nini sasa hivi?

Usimwache peke yake. Ondoa dawa, sumu, kamba na silaha. Msikilize bila kumkemea, na umfikishe hospitali leo, wewe mwenyewe ukiwa naye.